Mashine kuukuu ya makasia, mapafu mapya

SWALI: Mtaalamu, ninaishi Koni, karibu na Likasi. Nimenunua mashine ya kupiga makasia, ya mitumba. Kioo chake hakiwaki. Je, bado itaufaa moyo wangu?

JIBU: Ndugu, itakufaa sana. Moyo hauhitaji kioo. Saa ya mkononi inatosha.

Kwanza ikague. Futa reli ya kiti, paka mnyororo mafuta kidogo, kaza skrubu, uangalie kama kamba imechakaa. Kama ni ya feni, safisha vumbi: feni ndiyo inayoleta uzito, na kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo inavyozidi kuwa nzito. Kama ni ya pistoni, fahamu kwamba ikipata joto hulegea, basi ipumzishe.

Pili, mwendo. Watu wengi huvuta kwa mikono tu na kuumiza kiuno. Sukuma kwa miguu kwanza, kisha egemea nyuma kidogo, mwisho vuta mikono hadi chini ya kifua. Kurudi, pindua mpangilio huo: mikono, kiwiliwili, miguu. Mivuto 20 hadi 24 kwa dakika inatosha.

Anza na dakika 10, siku 3 kwa wiki, ukiweza kuongea bila kuhema. Baada ya mwezi, ongeza: dakika 4 kwa nguvu, 3 polepole, mara 4.

Una presha au maumivu ya kifua? Muone daktari kabla ya kuanza.

Mto Lufira huzungusha mitambo ya umeme ya Koni kwa kutiririka bila kukoma. Nawe vuta hivyo hivyo, bila pupa.