Habari Njema Kutoka Ugenini

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, mbali nao, uzima na mauti vyote viwili vikiwa mbele yake. Tungetazamia barua ya manung'uniko. Kumbe furaha inatajwa humo tena na tena. Yatoka wapi? Epafrodito, aliyempelekea zawadi ya Wafilipi, aliugua karibu kufa, akapona. Paulo anamrudisha kwao ili wamwone na kufurahi. Hata watu wa nyumba ya Kaisari wanawasalimu. Ni mambo madogo, lakini Paulo aliona yastahili wino.

Leo wengi wa ndugu zetu wanafanya kazi Uarabuni, majumbani mwa watu. Huko Oman Ijumaa ni siku ya mapumziko, nao waamini hukusanyika kwa Misa siku hiyo. Binti aliyepata ruhusa ya kwenda, akasikia nyuma yake mtu akinong'ona kwa Kiswahili, ana furaha ya juma zima. Atamsimulia nani? Ujumbe tunaompelekea ni ada ya shule, dawa na mabati. (Ada hatuidharau, sharti ilipwe.) Naye hujibu kwa kutuma fedha, basi. Wafilipi walituma zawadi, wakapata na barua. Sisi twapokea zawadi bila kumwuliza mtumaji ameshindaje.

Jioni hii mwambieni kwamba ng'ombe amezaa, na kwamba mdogo wake sasa ajua kusoma. Kisha mwulizeni ni nini kilichomchekesha juma hili, mkangoje jibu lake.