DOA KATIKA PICHA: LIKO ANGANI AU LIKO NDANI YA KAMERA?

Jioni moja kijana alifika na simu katika darasa letu la Misigiri. Alikuwa amepiga picha jua likielekea kuzama upande wa Shelui. Jua lilionekana juu kwenye pembe ya picha. Chini palikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane. Na juu ya paa la nyumba hiyo palikuwa na kitu cha duara, cha kijani, kinang'aa.

Basi, somo la siku hiyo likaishia hapo. Wengine walisema ni chombo kimetoka sayari nyingine. Wengine walisema ni nyota imetoka mapema. Lakini wapo walionong'ona neno baya zaidi. Eti ule ni moto wa wachawi, na picha imeonyesha wanakokutana. Kumbe picha ilikuwa imekwisha pita katika simu nyingi, na watu walikuwa wameanza kusema wachange fedha aitwe lambalamba.

Mzee mmoja alisimama akasema, "Walimu, mtu anaweza kusema uongo kwa sababu ya chuki. Kamera haina chuki na mtu. Itadanganya kwa nini?"

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na hatukutaka kuipita haraka. Ni kweli, kamera haina chuki. Lakini ina vioo. Ndani ya kamera ya simu mna vioo vidogo kadhaa, kimoja nyuma ya kingine. Vioo hivyo huitwa lenzi. Jua likiwa mbele ya kamera, mwanga mwingi hupita moja kwa moja. Mwanga kidogo hugonga kioo, ukarudi nyuma, ukagonga kingine, kisha ukaangukia mahali pengine kabisa katika picha. Hapo ndipo doa linapotokea. Mara nyingi huwa la kijani, kwa sababu lenzi hupakwa utando mwembamba ambao hauzuii rangi zote sawasawa.

Jambo hili unalijua nyumbani kwako. Weka karai la maji juani karibu na mlango. Utaona mwanga unacheza ukutani au darini. Hakuna anayepanda darini kuutafuta, maana anajua umetoka kwenye karai.

Sasa, tutajuaje kwamba doa ni la kamera? Tulichukua njiti mbili za ufagio tukaziweka juu ya kioo cha simu, kutoka pembe hadi pembe. Zilipokutana ndipo katikati ya picha. Kisha tukachukua njiti ya tatu. Tukaiweka ianzie kwenye jua na kupita pale katikati. Njiti ikaenda moja kwa moja hadi kwenye doa la kijani! Tulipopima, toka jua hadi katikati, na toka katikati hadi doa, urefu ulikuwa sawa. Kitu cha angani kisingejipanga hivyo. (Kipimo hiki kinataka picha nzima. Mtu akiwa ameikata pembeni, katikati huwa si pale tena.)

Hata hivyo baadhi hawakuridhika. Kesho yake jioni tulitoka nje na simu ile ile, tukasimama pale pale. Doa likaonekana juu ya paa la yule mama. Tukamwambia kijana ageuze simu kidogo. Doa likahama, likapita juu ya mti, likatua juu ya paa la baba yake mwenyewe. Watu walicheka sana. Mzee yule akaweka kiganja mbele ya simu, akaziba jua tu. Doa likatoweka. Akasema, "Haya, nimeona."

Kuna madoa mengine ya namna hiyo. Usiku, ukipiga picha kwa taa ya simu, huonekana mipira myeupe inaelea hewani. Hilo ni vumbi, na sisi wa Singida kwa upepo wetu tunalo la kutosha. Taa ya simu iko karibu na lenzi, hivyo huangaza chembe ya vumbi iliyo karibu sana, ikaonekana kubwa. Kung'uta mkeka kisha piga picha, utaipata mipira mingi. Ukipiga ndani ya basi usiku, taa ya ndani huonekana kwenye dirisha kama inaelea nje.

Lakini tusikimbilie kusema kila kitu ni kamera. Februari 1951, wahudumu na abiria wa ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyotoka Nairobi kwenda Mombasa, walisema wameona kitu cha kung'aa karibu na mlima Kilimanjaro. Hawa waliona kwa macho. Habari ya lenzi haitoshi hapo, na watu wanaendelea kubishana. Hoja moja ni mawingu, maana milima mirefu hufanya mawingu yenye umbo la sahani.

Vilevile tangu 2019 watu wengi wameona usiku vidoa vya mwanga vikifuatana kama siafu. Hizo ni satelaiti za Starlink, ziko kweli. Na tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Kule Mbozi, mkoa wa Songwe, kipo kimondo cha chuma ambacho unaweza kukishika kwa mkono.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nani alikiona kwa macho? Yule kijana, tulipomwuliza, alisema hakuona kitu siku ile. Doa aliliona baadaye kwenye simu. Laiti tungeanza na swali hilo, tungeokoa muda.

Michango ya lambalamba ilisimama. Tuliwakumbusha pia kwamba Sheria ya Uchawi inasema ni kosa kumtaja mtu kuwa mchawi. Kijana aliandika maelezo akayatuma kwa wote aliowatumia picha. Mama mwenyewe alituuliza kama picha inaweza kufutwa katika simu zote. Tulimjibu kweli, haiwezekani.

KAZI YA KIKUNDI
1. Pigeni picha jua likiwa pembeni mwa picha. Tafuteni doa, mpime kwa njiti tatu.
2. Zibeni jua kwa kiganja, mpige tena. Nini kimebadilika?
3. Mtu akikuletea picha ya ajabu, utamwuliza maswali gani kabla ya kumtumia mwingine?