LAND ROVER YA ZAMANI: TUITUNZE AU TUIBADILISHE?

Somo la mwezi huu kwa wakulima wa skimu za makazi



Katika skimu nyingi, tangu zile zilizoanzishwa mwaka 1962 na miaka iliyofuata, liko gari ambalo majirani hulijua kwa mlio kabla hawajaliona. Ni Land Rover ya zamani. Imebeba maziwa, mbolea, magunia ya mahindi, ndama mgonjwa, bibi harusi, na pengine jeneza. Watoto waliosomeshwa kwa maziwa yale sasa wana watoto wao.

Kwa hiyo shauri la kuliuza gari kama hilo huleta ugomvi nyumbani. Mzee husema halitauzwa maadamu yu hai. Mama husema karo ya shule imeliwa na fundi. Vijana wanataka pikapu. Somo hili halitakuambia uuze, wala usiuze. Litakuonyesha namna ya kupima, ili uamuzi utoke katika hesabu na si katika hasira.

Shika neno moja: gari lilinunuliwa ili lilishe shamba. Siku unapouza mtamba ili kulilisha gari, mambo yamegeuka, na sharti ukae kitako ufikiri.

1. LIJUE GARI LAKO

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1948 katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Wakati ule chuma kilikuwa haba Uingereza kwa sababu ya vita vilivyokwisha, basi bodi ya gari ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Aina zilizofuata, yaani Series II ya mwaka 1958, Series IIA ya 1961 na Series III ya 1971, zilishika desturi ile ile.

Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini fremu iliyo chini, inayobeba injini, springi na mzigo wote, ni ya chuma. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Bodi hung'aa, rangi hupendeza, na huku chini fremu inaoza kimya kimya. Ukitaka kujua umri wa kweli wa Land Rover, usitazame uso wake. Lala chini uitazame tumbo.

2. KAGUA FREMU KWANZA

Fremu ni uti wa mgongo. Injini yaweza kufunguliwa, gia boksi yaweza kubadilishwa, lakini fremu iliyooza hufanya kazi nyingine zote kuwa hasara. Fanya hivi wakati wa kiangazi:

(a) Osha matope na samadi yote chini ya gari, kisha liache likauke. Matope yaliyoganda hushika maji, na maji huzaa kutu.

(b) Kama ni lazima kuliinua, liweke juu ya magogo imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

(c) Chukua nyundo ndogo, ugonge fremu polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, na magamba ya kutu huanguka.

(d) Gonga hasa boriti ya nyuma, mahali springi zinaposhikiliwa, na vikono vinavyotoka pembeni kubeba bodi. Kisha inua mikeka utazame sakafu ya miguuni na nguzo za milango ya mbele. Hizo pia ni za chuma.

(e) Angalia viraka. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri si aibu. Lakini kiraka juu ya kiraka, na lami nyeusi imepakwa juu yake, ni dalili ya ugonjwa uliofunikwa blanketi.

Kama fremu ni nzima, au ina tundu moja mbili tu, endelea na somo. Kama imeoza mahali pa kushikilia springi au usukani, usibebe mtu humo mpaka itengenezwe. Katika jambo la fremu, breki na usukani, hakuna kujadiliana bei.

Fremu mpya zilizopakwa zinki hutengenezwa Uingereza hata leo, lakini bei yake pamoja na usafirishaji ni kubwa. Tena nambari ya fremu imeandikwa katika kitabu cha gari. Usibadilishe fremu kabla ya kuuliza Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), usije ukawa na gari lisilolingana na karatasi zake.

3. KISHA INJINI

Mafundi hutania kwamba Land Rover isiyovuja mafuta imekwisha mafuta. Ni mzaha, lakini una funzo: si kila tone ni ugonjwa. Dalili za kuogopa ni hizi:

Moshi wa buluu usiokwisha maana yake injini inachoma oili. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia ndani. Gia inayoruka yenyewe mteremkoni ni hatari. Ikiwa injini yako ni ya Tdi, aina iliyoingia katika magari haya tangu mwaka 1990, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa kuwa ukikatika injini huharibika ghafula.

Mwambie fundi akuandikie orodha ya kila kitu kinachohitajiwa mwaka huu, pamoja na bei ya spea na bei ya kazi. Peleka orodha hiyo kwa fundi wa pili. Mafundi wawili wakikubaliana, umepata ukweli.

4. WEKA DAFTARI

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wengi hujua kila ng'ombe anatoa lita ngapi, lakini hawajui gari limekula shilingi ngapi tangu Januari. Nunua daftari la shule, uliweke ndani ya gari pamoja na kalamu. Andika kila safari na kilomita zake, kila lita ya dizeli, kila spea, kila malipo ya fundi, na kila siku gari liliposimama ukakodi jingine. Siku hizo ndizo husahauliwa, nazo ni gharama kama nyingine.

5. HESABU YA MFANO

Tuseme mkulima anatembeza gari kilomita 8,000 kwa mwaka. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Weka za kwenu. Dizeli tumeihesabu kwa shilingi 180 kwa lita, na pikapu ya kukodi kwa shilingi 3,500 kwa siku.

Land Rover ya zamani, kwa mwaka:
Dizeli, lita 1,000: Sh. 180,000
Oili na filta: Sh. 20,000
Tairi: Sh. 30,000
Bima: Sh. 15,000
Fundi na spea: Sh. 110,000
Kukodi pikapu siku 12: Sh. 42,000
Jumla: Sh. 397,000

Sasa pikapu isiyo kuukuu, iliyonunuliwa kwa Sh. 1,200,000, itakayouzwa baada ya miaka 6 kwa Sh. 600,000. Kila mwaka inapoteza thamani ya Sh. 100,000. Mkulima amekopa Sh. 900,000 katika SACCO.

Pikapu, kwa mwaka:
Dizeli, lita 800: Sh. 144,000
Oili na filta: Sh. 20,000
Tairi: Sh. 30,000
Bima kubwa, kwa sababu ya mkopo: Sh. 50,000
Fundi na spea: Sh. 45,000
Kukodi siku 2: Sh. 7,000
Kupungua kwa thamani: Sh. 100,000
Riba, ikigawanywa kwa miaka 6: Sh. 28,000
Jumla: Sh. 424,000

Waona? Ingawa fundi amekula Sh. 110,000, mkulima huyu akiitunza Land Rover anaokoa Sh. 27,000 kwa mwaka. Majirani wanaomcheka hawajapiga hesabu.

Lakini tazama mwaka unaofuata. Fundi na spea zimefika Sh. 160,000, na gari limesimama siku 25, yaani Sh. 87,500 za kukodi. Jumla sasa ni Sh. 492,500. Pikapu imekuwa nafuu kwa Sh. 68,500. Gari ni lile lile na mapenzi ni yale yale, ila hesabu imegeuka.

Angalia pia jambo hili. Gharama ya mwaka na fedha za kutoka mfukoni si kitu kimoja. Mkopo ule ukilipwa kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, mwaka wa kwanza SACCO itadai Sh. 391,500 kabla hujanunua hata lita moja ya dizeli. Kama maziwa hayawezi kulipa hayo mwezi wa kiangazi, usikope.

6. FEDHA ZILIZOKWISHA LIWA

Mkulima husema, "Nimeweka gia boksi juzi kwa Sh. 80,000, nitauzaje sasa?" Fedha zile zimekwisha toka. Ukiuza zimetoka, ukitunza zimetoka. Uliza tu juu ya fedha zinazokuja: mwaka ujao gari hili litanidai kiasi gani, nalo litanifanyia kazi gani? Gia boksi mpya ni sababu ya kutunza ikiwa tu itapunguza gharama ya kesho.

7. NJIA YA TATU

Watu hubishana juu ya gari la zamani na gari jipya, wakasahau kwamba iko njia ya tatu: kutokuwa na gari. Kama lori la chama cha ushirika huchukua maziwa barabarani, hesabu safari zinazobaki. Katika mfano wetu, Sh. 397,000 hukodi pikapu mara 113. Anayehitaji safari 60 kwa mwaka angelipa Sh. 210,000 tu, na zile Sh. 187,000 zingechimba kisima au kununua mashine ya kukata majani.

Lakini njia hii haimfai kila mtu. Aliye mbali na lami, ambako mvua ikinyesha pikapu za kukodi hukataa kuingia, atahitaji gari linalovuta kwa magurudumu manne. Mama mjamzito usiku wa manane hangoji mtu wa kukodisha. Weka jambo hilo katika mizani.

8. BEI YA MAPENZI

Kulipenda gari si ujinga. Ubaya ni kuyaficha mapenzi ndani ya hesabu na kuyaita faida. Familia na ikae pamoja, isome daftari, iseme wazi: "Gari hili linatugharimu Sh. 30,000 zaidi kwa mwaka, nasi tumekubali kuzilipa kwa ajili ya heshima ya baba." Hilo ni shauri halali, kama karo imelipwa na ng'ombe wamepata chumvi.

Wekeni pia mpaka, na muuandike: "Fundi akizidi kiasi hiki, au gari likisimama zaidi ya siku hizi, tutauza." Mpaka huwekwa wakati wa utulivu. Usingoje siku gari limekwama topeni na maziwa yanaganda.

9. UKIAMUA

Ukiamua kutunza, tengeneza kwa mpango: kwanza breki na usukani, pili fremu, tatu injini, mwisho rangi. Wengi huanza na rangi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kanisani.

Ukiamua kuuza, kumbuka kwamba kurudi nyuma ni vigumu. Land Rover ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Sheria ya Kenya nayo hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Kwa hiyo ukijuta, utatafuta jingine miongoni mwa yale yaliyomo humu nchini tayari. Basi usiliuze kwa bei ya chuma chakavu. Waulize wanunuzi watatu. Na siku ya kuuza, hakikisha umiliki umehamishwa NTSA, la sivyo makosa ya mnunuzi barabarani yatakutafuta wewe.

Usichague njia ya katikati, yaani kuliegesha nyuma ya zizi "mpaka tutakapopata fedha." Gari lililosimama huoza tairi, hushika kutu, na kuku hulifanya nyumba. Baada ya miaka miwili hutakuwa na gari wala fedha.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi yako ni shamba, na gari ni koleo lako. Likishika vizuri, litunze na ulisifu. Likiwa halishiki tena, lishukuru, kisha tafuta jingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini bodi nzuri ya Land Rover si ushahidi wa fremu nzima?
2. Gari lako lilisimama siku ngapi mwaka uliopita? Siku hizo ziligharimu shilingi ngapi?
3. Ungekodi kila safari, ungelipa zaidi au pungufu ya unavyolipa sasa?
4. Nyumbani kwenu mpaka wa kuuza ni upi, na nani ameuandika?