Darasa Pembeni ya Kiti cha Meno

Dada yangu ana miaka sita akimsaidia daktari wa meno: anapanga vyombo, anafyonza mate, anachanganya dawa ya kuzibia, anambembeleza mtoto anayelia. Cheti hana, alijifunza kwa kuangalia tu. Mwezi uliopita daktari akamwambia anataka kufungua darasa la wasaidizi hapo hapo kliniki, Jumamosi na Jumapili viti vikiwa havina watu, na yeye dada ndiye afundishe. Jioni akanipigia simu: "Wewe si unasoma ualimu? Niandikie basi hilo azimio la kazi."

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1906 huko Bridgeport, Marekani, daktari Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 akafungua shule ya wasafishaji meno katika banda la magari pembeni ya ofisi yake. Wahitimu wengi walikwenda kuwahudumia watoto wa shule za mji ule. Ila Fones hakufundisha peke yake, aliita na wahadhiri wa vyuo vikuu.

Kabla sijaandika chochote nilimwomba dada anifundishe mimi. Akaniketisha kushoto kwa kiti, akasema, "Unakaa hapa." Kwa nini hapa? Kimya. Mikono yake inajua, mdomo haujawahi kuulizwa. Ikabidi tuchore saa kwa chaki sakafuni, utosi wa mgonjwa ukiwa saa 12 ya mshale. Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa kati ya 7 na 12, msaidizi kati ya 2 na 4. Vyombo hupokezanwa kati ya 4 na 7, yaani chini ya kidevu, juu ya kifua. Nilipouliza tena kwa nini, jibu likaja lenyewe: "Ukipitisha juu ya macho, siku moja sindano itamdondokea mtu." Hilo sasa ni somo! Nililiandika kwenye andalio kama alivyolisema.

Wiki za mwanzo nimeandika hakuna kugusa mgonjwa. Ni chanjo ya homa ya ini B, glovu, barakoa, kuosha vyombo kabla ya kuviweka kwenye mvuke wa nyuzijoto 121, na kufanyia mazoezi meno ya plasta. Daktari aliona ni polepole mno. Mimi naogopa kitu kimoja: Jumatatu foleni ikijaa, mwanafunzi aliyelipa ada anageuzwa kuwa mfanyakazi wa bure, na tunaita "vitendo". Kwa hiyo saa za vitendo zina lengo na mtu wa kusaini, na mtihani utasimamiwa na mtu wa nje. Usajili wa NACTVET nao uje kabla ya ada ya kwanza, maana bila huo tunauza karatasi.

Kipengele cha mwisho kinasema dada asajiliwe kama mwanafunzi namba moja, apimwe kwa anachokijua, naye apate cheti. Haiwezekani afundishe watu waondoke na cheti, yeye abaki na ndoo ya kuoshea vyombo.

Daktari amekubali yote isipokuwa hicho. Anasema dada hahitaji cheti, kwani yeye mwenyewe anamjua. Jumamosi tunarudi kuongea.