Mkaa Mbadala na Unyevu wa Stoo

Mtumiaji aliyezoea mkaa wa miti hupima kwa macho. Hutazama kama debe limejaa, au kama gunia limeshiba ama limelegea. Mkaa huo ukinyeshewa, ujazo wa debe haubadiliki. Mkaa mbadala ni bidhaa tofauti, kwa kuwa mara nyingi huuzwa kwa kilo, na maji yana uzito. Macho yaliyomlinda mnunuzi kwenye debe hayamlindi kwenye mizani.

Chukua mfano wa mfuko wa kilo 10. Ukiwa umekauka vizuri, kwa unyevu wa asilimia 10, una lita moja ya maji na kilo 9 za nishati. Mfuko wa uzito huohuo wenye unyevu wa asilimia 25 una lita mbili na nusu za maji, na nishati imebaki kilo 7 na nusu. Mnunuzi amelipia kilo moja na nusu ya maji kwa bei ya mkaa. Hasara haiishii hapo: kadiri anavyoutumia mfuko huo, jiko lake litalazimika kuzikausha lita zote hizo ndipo joto liifikie sufuria ya maharage.

Jambo hili lina uzito wa pekee mkoani Shinyanga. Ukataji wa miti uliwahi kuifanya sehemu kubwa ya mkoa kuwa karibu na jangwa, hata Serikali ikaanzisha mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliorejesha uoto kwa kutumia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Pumba za mpunga na mabua ya pamba, ambayo kwetu hayaadimiki, yanaweza kushindiliwa yakawa nishati pasipo kugusa ngitili hizo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo, mama lishe wa Kahama au Katoro aliyenunua mifuko mitano ikamomonyoka stoo atarudi kwenye gunia la mkaa wa miti, na hatuwezi kumlaumu.

Kwa nini humomonyoka

Aina nyingi za mkaa mbadala hushikanishwa kwa uji wa muhogo au kwa udongo. Uji ukipata unyevu hulainika, huota ukungu, na donge hurudi kuwa chenga. Mkaa wa miti uliolowa waweza kuanikwa juani ukafaa tena, lakini donge lililokwisha kumomonyoka halirudi. Peleti, yaani vijiti vifupi vya maranda au pumba zilizoshindiliwa, ni dhaifu zaidi: zikilowa huvimba na kuwa unga. Huko Ulaya, ambako watu huzitumia kupasha nyumba joto, viwango vyao haviruhusu unyevu unaozidi asilimia 10.

Sakafu ndiyo adui wa kwanza

Nyumba zetu hazina vyumba vya chini ya ardhi, ila zilizojengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga hupata tatizo lilelile. Udongo huo hushika maji kwa muda mrefu, na sakafu huyavuta kimyakimya hata kama paa halivuji. Kabla ya kuweka mzigo, tandaza kipande cha nailoni sakafuni, kandamiza kingo zake kwa mawe, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa chini, sakafu hiyo haifai kupokea mfuko moja kwa moja, hata kama ni ya saruji.

Panga mifuko juu ya chaga au mbao zilizoinuliwa kwa matofali, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Tumia kwanza mfuko ulioutangulia kuununua. Usinunue akiba ya miezi mitatu mwezi Novemba, mvua zinapoanza, kwa sababu tu bei imeshuka. Muuzaji naye anaijua stoo yake. Wala usikaushe mkaa kwa kuuweka kando ya jiko linalowaka.

Chumba cha kulala si stoo

Katika makazi ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, chumba kimoja cha kupanga huwa jiko, stoo na mahali pa kulala. Mkaa wenye unyevu huwaka kwa kusuasua, na moto wa namna hiyo hutoa kwa wingi zaidi hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua mtu akiwa usingizini. Jiko la mkaa wa aina yoyote lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi na mvua. Anayeshikwa na kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu karibu na jiko atolewe nje mara moja na kupelekwa kituo cha afya. Kwa msaada wa uokoaji piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Peleti za mbao zikirundikwa kwa wingi mahali pasipo na hewa hutoa hewa hiyohiyo hata bila moto. Ulaya watu wamefariki kwa kuingia tu katika stoo zake. Fungua mlango na madirisha, subiri, ndipo uingie.

Unaponunua

Vunja donge moja mbele ya muuzaji. Lililokauka huvunjika kwa mlio, ilhali lenye unyevu hukatika kimya na kuacha vidole na ubaridi. Hakikisha mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika, na dai risiti inayoonesha uzito. Mfuko ukiwa na unyevu tangu dukani, urudishe siku hiyohiyo pamoja na risiti, kabla haujalala katika stoo yako, maana baada ya usiku mmoja ni vigumu kuthibitisha maji yaliingilia wapi.