Maji ya Uzima na Fadhila ya Kiasi

Huko Scotland, karibu na mji mdogo wa Newburgh na mto Tay, yasimama magofu ya abasia ya Lindores. Ilianzishwa mwaka 1191 na David, nduguye mfalme wa nchi ile. Watawa wake walikuwa wa shirika la Tiron, lililozaliwa Ufaransa, nao waliifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto: walisali, walilima, walipanda miti ya matunda, wala hawakuona haya kwa kazi ya mikono.

Mwaka 1494 karani wa hesabu za Mfalme James IV aliandika kwamba Bruda John Cor alipewa vipimo 8 vya kimea, kwa amri ya Mfalme, atengeneze maji ya uzima. Ndiyo hati ya kale kupita zote zijulikanazo zinazotaja kinywaji hicho huko Scotland, na watu wa Lindores humhesabu bruda huyo kuwa mmoja wao. Zamani hizo maji hayo yalitumika kama dawa. Hata jina la wiski latokana na maneno ya wenyeji yenye maana ile ile: maji ya uzima.

Mwaka 1559, wakati wa Matengenezo ya Kiprotestanti, wafuasi wa John Knox waliziangusha altare za abasia na kuvichoma vitabu vyake. Baadaye mawe yake yalichukuliwa kujengea nyumba za mjini. Lakini mwaka 2017 familia yenye shamba hilo ilifungua kiwanda cha wiski mbele ya magofu, na wiski yake ya kwanza ilitoka mwaka 2021. Kwani sheria ya huko yaagiza ilale katika mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3.

Wasomaji wetu, tuna fundisho gani hapa? Kukeneka si kazi ngeni kwetu. Pombe huchemshwa, mvuke hupanda, ukipozwa huwa matone makali. Ndivyo lipatikanavyo gongo pia. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba chupa ya Ulaya haina hatari kwa kuwa asili yake ni ya watawa. Ulevi ni ulevi, uwe wa kibuyu au wa bilauri.

Walichokuwa nacho watawa ni kiasi. Mtakatifu Benedikto aliwaruhusu divai kidogo kila siku, lakini aliwakataza kunywa hata kushiba. Na wale waliojaliwa na Mungu kujinyima kabisa aliwaahidia thawabu ya pekee. Hakukilaani kipaji cha Mungu, wala hakukiacha kimtawale mtu.

Sasa tutazame nyumbani mwetu. Mshahara ukiishia kilabuni, karo ya mtoto italipwa na nani? Baba akirudi usiku akipiga kelele, sala ya jioni itaongozwa na nani? Ndipo maji ya uzima yageukapo maji ya mauti, tena si kwa mnywaji peke yake, bali kwa nyumba nzima.

Basi kila mzazi na ajiwekee kipimo kabla ya kuketi mezani, si baada ya kikombe cha tatu. Na yeye ajuaye kwamba hawezi kukishika kipimo, aache kabisa. Kuacha si aibu. Ni ushindi, na watoto wake watamshukuru.