Mzabibu wa Pori na Kazi Yake

Ukivuka Lualaba kutoka Kindu mjini, ukafika Alunguli na kushika njia ya mashambani, utaona kamba za pori zimepanda juu ya miti. Baadhi yake huzaa vishada vya matunda madogo ya mviringo. Yakiwa machanga ni ya kijani. Yakiiva huwa mekundu au meusi. Mtoto akiyaona, mkono wake hauchelewi. Kwa hiyo tujifunze mmea huu.

1. Ni mmea gani?

Ni ndugu wa mzabibu tunaousoma katika Biblia, lakini si mzabibu wenyewe. Katika Kongo mimea ya ukoo huu ni ya namna nyingi, na wataalamu wameipa majina kama Cissus na Cyphostemma. Tazama vikono vyake vyembamba vinavyojisokota: hutoka upande wa pili wa shina, vikielekeana na jani.

2. Kazi yake ni nini?

Mmea huu hauna shina la kujisimamisha wenyewe. Hutumia nguvu zake kurefuka, hushika mti na kupanda mpaka kwenye jua. Maua yake madogo yana maji matamu, nayo huwalisha nyuki na wadudu wengine. Majani yake huliwa na viwavi vya nondo fulani, vyenye pembe mkiani. Hondohondo na kima hula matunda, kisha huziangusha mbegu mbali pamoja na mavi yao; hivyo mmea hupandwa mahali papya. Mti mkubwa ukianguka, kamba za pori hufunika udongo upesi, na mvua haiuchukui wote. Basi usiseme ni takataka tu.

3. Ndege si mwalimu wa mtoto

Wengine husema, "Ndege amekula, basi ni chakula." Sivyo. Ndege humeza tunda zima, mtoto hutafuna. Katika matunda mengi ya ukoo huu mna chembe ndogo zenye ncha kama sindano, zisizoonekana kwa macho. Zikitafunwa huchoma midomo, ulimi na koo. Mtoto hutoka mate, hulia, hukataa chakula.

Ni kweli, yako matunda ya ukoo huu yanayoliwa mahali pengine Afrika. Lakini mengi hufanana, na zipo kamba za ukoo mwingine zenye sumu kali.

Katika 2 Wafalme 4 twasoma habari za mtu aliyechuma matunda ya mmea wa porini wakati wa njaa, akayatia chunguni bila kuyajua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na njaa, wala hakuuliza. Watoto wetu nao hutoka shuleni na njaa.

4. Mtoto akila tunda asilolijua

- Mtoe vipande kinywani, umsukutue kwa maji safi.
- Kama anameza vizuri, mpe maji kidogo kidogo.
- Usimlazimishe kutapika. Usimnyweshe mafuta ya mawese, wala dawa ya kienyeji.
- Chukua tawi lenye jani na tunda, umwonyeshe munganga.
- Koo likivimba, akipumua kwa shida, akitapika sana, akisinzia au akishikwa na degedege, mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Aliyezimia mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani.

5. Tuzuie mapema

Wafundishe watoto neno moja: "Nisilolijua silili mpaka nimwulize mama au baba." Kisha panda mpapai karibu na nyumba. Ukitunzwa huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi, na papai husaidia macho na damu ya mtoto. Mtoto aliyeshiba nyumbani hatafuti chakula juu ya kamba za pori.

Uache mzabibu wa pori ufanye kazi yake, nawe ufanye yako.

Maswali

1. Mbegu za mzabibu wa pori hupandwa na nani?
2. Kwa nini tunda analokula ndege laweza kumwumiza mtoto?
3. Taja mambo mawili ambayo hupaswi kumfanyia mtoto aliyekula tunda baya.
4. Nyumbani kwako pana mti gani wa matunda kwa ajili ya watoto?